Simu Inachemka na Baridi Yote Hii ya Mbeya? Anza kwa Kuishika Mgongo

Mama mmoja wa Uyole alifika kwenye meza yangu ya ufundi simu pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, asubuhi ya mwezi wa saba, sweta juu ya sweta, simu ameifungia kwenye pindo la kitenge kama anayebeba yai. Nikamwamkia, akaitikia, akaifungua taratibu na kuiweka mbele yangu.

"Mwanangu, hii simu inaniunguza. Na baridi yote hii, inaniunguza."

Nikaishika. Kwa saa ile ilikuwa na uvuguvugu tu, lakini kava lake la mpira lilikuwa limegeuka njano na kujikunja pembeni. Nikamuuliza usiku inalala wapi.

"Kwenye chaji. Chini ya mto, niisikie alamu."

"Na juu ya mto kuna mablanketi mangapi, mama?"

Akahesabu kwa vidole, akafika la tatu, akacheka mwenyewe.

Karibu kila mteja wa huku juu anakuja na hoja ileile: simu kuchemka ni shida ya watu wa Dar es Salaam. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete sakitu inalala juu ya majani ya viazi. Sasa moto unatoka wapi? Unatoka ndani. Prosesa, yaani ubongo wa simu, inapofanya kazi inatoa joto, betri ikichajiwa inatoa joto, antena ikihangaika na mnara wa mbali inatoa joto, kioo kikiwaka sana nacho hivyohivyo. Simu haina feni kama kompyuta. Joto lote linatokea kwenye ngozi yake, yaani mgongo na kioo, na ukiifunika umelifungia mlango. Baridi ya Mbeya inaisaidia simu pale tu inapoifikia.

Halafu kuna uzito. Simu ikichemka inajifanya nzito kwa makusudi. Ndani ina vipima joto, na kikifika kiwango ambacho kiwanda kimeweka, prosesa inapunguza mwendo wenyewe ili isiungue. Ni kama lori la mbolea linavyopanda Kitonga: dereva anashuka gia, gari linajivuta, lakini injini inafika salama Iringa. Ukimlaumu dereva kwa mwendo ule unamwonea.

Kwa hiyo kabla ya kufuta hata picha moja, jipime hivi. Asubuhi simu ikiwa baridi, ifungue uitumie. Ikiwa nyepesi mwanzoni, kisha baada ya dakika 15 au 20 inaanza kuganda huku mgongo umepata moto, shida yako ni joto. Ikiwa nzito tangu ilipokuwa baridi, basi imejaa, imezeeka, au ina programu inayoitafuna; ruka uende hatua ya nne, kisha ya saba. Watu wengi wanafuta picha za harusi ya dada yao kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kubadilisha waya wa chaja.

Kama inaunguza sasa hivi

Chomoa chaji. Vua kava. Zima hotspoti na data, au weka hali ya ndegeni kabisa. Iweke kivulini juu ya kitu kigumu kilicho wazi, meza ya mbao au sakafu ya saruji, kioo kikiangalia chini kama kina plastiki ya kinga, ili mgongo upumue. Iache dakika 10 hadi 15. Ukiweza izime.

Usiiweke kwenye friji, usiifunge na kitambaa kibichi, na wewe wa Njombe usiitoe nje dirishani saa kumi na moja alfajiri ukidhani umepata friji ya bure. Simu iliyopozwa ghafla hutengeneza umande, hasa ikirudi kwenye hewa ya uvuguvugu, na umande ule unajiweka pia ndani, juu ya bodi. Nimefungua simu za namna hiyo: haikuanguka majini hata siku moja, lakini kwenye vichuma vya ndani kuna kutu ya kijani. Nyingi hazirudi.

Hatua ya 1: Jua moto uko wapi, na unakuja saa ngapi

Hii ndiyo hatua ambayo watu hawaifanyi, na ndiyo yenye majibu. Vua kava, shika simu kwa kiganja kitupu, kisha pitisha vidole taratibu kutoka juu kwenda chini.

Moto ukiwa juu, jirani na kamera, kwa simu nyingi hapo ndipo bodi na prosesa zilipo. Maana yake kuna kazi inafanyika: gemu, video, kamera, ramani, au programu inayokimbia kwa siri. Moto ukiwa katikati kuelekea chini, hilo ni eneo la betri. Ukiwa chini kabisa kwenye tundu la chaji, au kwenye kichwa cha waya wenyewe, mshukiwa wa kwanza ni waya, chaja au uchafu wa tunduni.

Chukua kipande cha karatasi, siku mbili tu, uandike: saa ngapi ilipata moto, ulikuwa unafanya nini, moto ulikuwa sehemu gani, ilikuwa kwenye chaji au la. Mteja akija na karatasi hiyo, kazi yangu ya nusu saa inakuwa ya dakika tano. Kijana mmoja wa bajaji aliandika mistari minne tu, yote ilisema "saa saba mchana, juu, ramani". Hakuhitaji fundi.

Uvuguvugu wa kawaida usikutishe. Kuchaji kwa kasi, simu ya video ya dakika 40, kupakua vitu vingi, yote hayo hupasha. Simu iliyotoka kupata toleo jipya la mfumo, au iliyotoka kurudishiwa picha zake zote, huchemka siku moja au mbili ikipanga vitu vyake, kisha hutulia. Cha kukufanya usimame ni moto wakati simu imelala haifanyi kitu, moto usiovumilika kiganjani, au ujumbe wa simu yenyewe kwamba inabidi ipoe.

Hatua ya 2: Kagua kama betri imevimba

Fanya hii kabla ya nyingine zote kama moto uko katikati. Laza simu bila kava juu ya kioo au meza iliyonyooka. Iguse kona moja. Ikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, au ukiizungusha inazunguka kama pia, angalia ubavuni: kioo kimeinuka? mgongo umeachia gundi? Kuna mwanga unapita katikati ya fremu na kioo? Hiyo betri imejaa gesi.

Hapo mwongozo huu unaishia kwako kwa muda. Zima, usichaji tena, usiibonyeze irudi ndani, usiitoboe. Nasema usiitoboe kwa sababu nimeona kijana akiitoboa kwa pini "itoe hewa", na moshi uliotoka ulitufukuza sote kibandani. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka papo hapo. Mwaka 2016 Samsung ilizirudisha kiwandani Galaxy Note 7 za dunia nzima kwa sababu ya betri kuwaka moto, na hizo zilikuwa simu mpya. Ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa, mkononi au kwenye mfuko wa wazi. Usiisindike kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ukakalia siti ya daladala. Betri iliyotolewa usiitupe jalalani wala kwenye moto wa takataka.

Hatua ya 3: Chaji, chanzo cha kesi nyingi

Ningeambiwa nitaje kitu kimoja kinachonilisha pale Mwanjelwa, ningetaja chaja.

Anza na tundu. Mfukoni mwa koti na sweta kuna nyuzinyuzi, na huku kwetu tunavaa masweta mwaka mzima. Zinaingia tunduni, waya unazisindilia, mwisho unashika nusunusu. Waya ulioshika nusu unapasha. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, si pini wala sindano, uchokonoe taratibu ukimulika na tochi. Utashangaa kinachotoka: mara nyingi ni kigaga cha pamba kilichobonyezwa kama karatasi. Waya ukirudi na kutoa mlio wake wa kushika, umemaliza.

Pili, waya. Badilisha waya kabla ya chaja. Azima wa jirani uliyemwona anachaji vizuri, uchaji nao siku nzima. Moto wa tunduni ukiondoka, umepata mwizi.

Tatu, kichwa cha chaja. Kina maandishi madogo yanayotaja volti na ampia zinazotoka. Volti 5 na ampia 2 ni wati 10; chaja za kasi zinaandikwa wati 18, 33 na kuendelea. Watu wananiambia chaja kubwa inailazimisha simu. Hapana. Simu ndiyo inayoamua ivute kiasi gani, na ya wati 10 ikichomekwa kwenye chaja nzuri ya wati 33 itavuta zake 10. Inayoharibu ni chaja ya uongo iliyoandikwa 33 huku ndani mna vifaa vya kubahatisha, umeme unatoka ukiyumba.

Dalili yake moja ni rahisi kuitambua: ukiwa kwenye chaji kioo kinajibonyeza chenyewe, kinaandika herufi ambazo hukugusa, kinafungua programu. Ukichomoa, kinatulia. Chaja hiyo itupe, usimpe mdogo wako.

Hapa nikiri na langu. Niliwahi kununua dazeni ya chaja kwa jumla kwa muuzaji fulani, bei tamu, boksi zinang'aa. Ndani ya wiki mbili, chaja tatu zilikuwa zimeyeyuka plastiki, moja ikiwa ukutani kwa mteja wangu. Nilirudisha hela za watu wote na nyingine nikazivunja kwa nyundo. Tangu hapo napima kwa mkono kwanza: chaja nyepesi kama ganda la karanga siinunui.

Nne, mahali pa kuchajia. Mezani, pawazi. Usichaji chini ya mto, juu ya godoro, ndani ya mkoba, wala pembeni ya jiko la mkaa, kwani najua Julai jioni familia nzima imezunguka jiko na soketi iko nyuma ya kochi lilelile. Betri za simu hazipendi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 au hivyo, na simu nyingi zikifika huko hupunguza au hukata chaji zenyewe. Ndiyo ile unaamka asubuhi unakuta asilimia 61 na unamlaumu mtu wa umeme.

Yule mama wa Uyole alikuwa na jambo la ziada. WhatsApp yake ilikuwa imewekwa ijihifadhi kila siku, na kazi hiyo huanza saa nane usiku. Kwa hiyo chini ya mto, chini ya mablanketi matatu, simu ilikuwa inachaji na wakati huohuo inapandisha video za kwaya kwenda Google. Nilimwambia aiweke kwenye stuli. Alamu ataisikia tu.

Kutumia simu ikiwa kwenye chaji kunaongeza moto juu ya moto. Kupokea simu fupi sawa. Gemu au TikTok ya saa nzima ukiwa umelalia waya, hapana. Na kama betri yako ni ya muda mrefu, ukiizoesha kukaa kati ya asilimia 20 na 80 inaishi zaidi kuliko ile inayolala na 100 usiku kucha.

Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi huwa unarudi kwa kishindo.

Kwa wanaochajia sola vijijini: kile kiadapta kinachogeuza volti 12 kuwa 5 ndicho kinachoharibu simu, paneli haina kosa. Nunua kizuri, na usiiache simu juani juu ya bati pembeni ya paneli. Nimesema kwa sababu nimeiona.

Hatua ya 4: Mkamate anayekimbia kwa siri

Moto uko juu, simu iko mfukoni, hujaigusa. Kuna kitu kinafanya kazi.

Fungua Mipangilio, ingia Betri, kisha matumizi ya betri. Majina yanatofautiana kidogo kati ya Tecno, Infinix, itel, Samsung na nyingine, lakini orodha ipo: inaonyesha nani amekula asilimia ngapi. Usitishike WhatsApp au Facebook ikiwa juu kama ndizo unazoshinda nazo. Tafuta programu ambayo hujaifungua leo na bado imekula. Tochi iliyokula asilimia 12 ina maelezo ya kutoa.

Ukiibonyeza utapata njia ya kuizuia isifanye kazi kwa nyuma, au kuisimamisha kwa lazima. Kama hujui umeiwekea nini, ifute.

Washukiwa wa kawaida huku kwetu ni hawa. Programu za mikopo ya haraka zilizopakuliwa siku ya shida, ambazo nyingine husoma majina yaliyo kwenye simu yako na mahali ulipo hata deni likiisha. WhatsApp zisizo rasmi, zile za GB na ndugu zake, zinazopakuliwa nje ya Play Store. Mbali na kutafuna betri, WhatsApp wenyewe hufungia akaunti za wanaozitumia. Gemu za watoto zenye matangazo ya video. Na picha za ukutani zinazochezacheza.

Halafu kuna kundi ambalo mimi binafsi nina ugomvi nalo: programu za "kupoza simu" na "kusafisha". Programu haiwezi kupoza kitu. Inachora barafu kiooni, inakuonyesha namba inashuka, inakuwekea tangazo. Inazima programu nyingine kwa nguvu, zile zinajiwasha upya, na kujiwasha ndiko kunakokula umeme zaidi. Ukizifuta hizo peke yake, simu nyingi za bei ya chini zinapata nafuu siku hiyohiyo. Kwa sababu ileile, acha tabia ya kufagia programu zote kila baada ya dakika mbili.

Ukimaliza, ingia Play Store uweke masasisho yashuke kwa Wi-Fi tu, na kwenye WhatsApp zima kushusha video zenyewe. Bando litakushukuru pia.

Kama hujampata mwizi, tumia hali salama. Bonyeza kitufe cha kuzimia mpaka menyu itokee, kisha shikilia kidole juu ya neno la kuzima hadi simu iulize kama unataka kuwaka katika hali salama. Kubali. Humo programu ulizopakua hazifanyi kazi, zinabaki zile za kiwandani. Kaa nayo saa mbili tatu. Ikiwa baridi na nyepesi, mkosaji ni programu uliyoileta wewe. Washa upya kawaida, ufute ulizoweka karibuni, moja moja, ya mwisho kwanza. Ikichemka hata humo, shida iko kwenye mfumo au kwenye vyuma.

Hatua ya 5: Mtandao na milima

Hii ndiyo hatua ya kwetu hasa. Panda basi la Iringa kwenda Dar, weka simu mfukoni bila kuigusa, ukishuka Kitonga iguse. Ina joto. Au nenda upande wa Ileje, au mabonde ya Rungwe nyuma ya mgongo wa mlima, ukae siku nzima: betri inaisha mchana na hukupiga simu hata mbili.

Sababu ni kwamba simu ikiwa mbali na mnara, au mlima ukiwa katikati, inaongeza nguvu ya kurusha ili isikike. Mtandao ukienda ukirudi, inatafuta tena na tena, inaruka kutoka 4G kwenda 3G kwenda 2G na kurudi. Mwenye laini mbili, kila laini inahangaika kivyake. Ni mtu anayeita ng'ambo ya bonde: asiposikika anapaza sauti, na koo linamuuma.

Fanya hivi. Safarini kwenye milima, kama husubiri simu ya muhimu, weka hali ya ndegeni. Kama unaisubiri, zima data ubaki na laini ya kupokea. Unakoishi 4G ikiwa ya kuchungulia tu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu uchague 3G au 2G. Utapoteza kasi, utapata simu iliyotulia. Laini ambayo mtandao wake haufiki kijijini kwenu izime kwenye mipangilio, hata ukiiacha ndani. Na nyumbani weka simu dirishani au mahali unapojua mtandao unashika, usiiweke nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma ambako unaonekana mstari mmoja tu wa mtandao.

Hotspoti ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani: simu inapokea na kurusha kwa wakati mmoja. Kama unagawia wanafunzi wenzako bweni zima, vua kava, na iwashe kwa muda.

Hatua ya 6: Jua la baridi

Jua la huku linadanganya. Hewa ni ya baridi, unavaa koti, lakini simu nyeusi kwenye mkono wa pikipiki inapigwa na jua la moja kwa moja huku kioo kimewaka mwanga wa mwisho na ramani inaongea. Apple huandika kwamba iPhone zitumike mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Hewa ya Mbeya haifiki huko, ila juu ya dashibodi ya lori lililopaki Tunduma ikisubiri foleni ya mpakani, vioo vimefungwa, panafika na kupita bila shida. Wa bodaboda: tengeneza kikofia cha plastiki nyeupe juu ya kishikio, au sikiliza maelekezo ya ramani kwa spika ya sikio simu ikiwa mfukoni. Wa bajaji, iteremshe chini ya usukani. Na ukiteremka Kyela kutoka Tukuyu, kumbuka unashuka zaidi ya mita 1,000 ndani ya safari fupi. Ulichokizoea juu, kule ziwani hakifanyi kazi.

Hatua ya 7: Nzito bila moto

Hapa sasa ndipo kufuta kunapokuwa na maana. Hifadhi ya simu ikijaa kabisa, mfumo unakosa nafasi ya kuandika vitu vyake vya muda, kila kitu kinasuasua. Acha wazi angalau asilimia 10 hadi 15. Kwenye simu ya GB 32 hiyo ni kama GB 4.

Kwa wengi mzigo uko sehemu moja. Fungua WhatsApp, Mipangilio, hifadhi na data, kisha kudhibiti hifadhi. Itakupangia makundi kwa uzito. Mteja wangu mmoja wa Iringa alikuwa na kamati ya send-off iliyokwisha, bibi harusi ana mtoto wa miaka miwili, na kundi lile bado lilikuwa limekalia GB 7. Video ileile moja imetumwa na watu tisa. Kundi lifutie video, picha unazozitaka zibakize.

Memori kadi nazo zichunguze. Kadi mbovu au ya uongo, ile ya GB 128 kwa bei ya soda, inaifanya simu ijaribu kuisoma bila kumaliza. Inaganda na kuchemka pia. Izime simu, chomoa kadi, tumia siku moja bila hiyo. Nimewahi kutibu simu tatu kwa mkupuo wa namna hiyo bila kufungua hata skrubu.

Betri iliyochoka inaweza kuleta uzito vilevile. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza mwendo wa baadhi ya iPhone zenye betri kuukuu ili zisijizime ghafla. Dalili kwa simu yoyote: inazima ikiwa na asilimia 20 au 30, hasa asubuhi ya baridi kali, ukichomeka inajidai ina 25. Hiyo inataka betri mpya.

Na kuna simu za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 ambazo hakuna utakachozifanyia. Programu zimekua, zenyewe zimebaki. Tumia zile programu zenye toleo jepesi, la Lite, usifungue tatu kwa pamoja, na uanze kuweka akiba.

Hatua ya 8: Kuifuta yote, ukiwa umejiandaa

Kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani kunasaidia pale ambapo hali salama imekuonyesha shida ni programu na huipati. Kabla hujabonyeza, jibu swali moja: barua pepe ya Google iliyo kwenye simu hii unaijua na nywila yake? Watu wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku waliyonunua, akaandika jina lolote, nywila akaondoka nayo kichwani. Ukifuta bila kuijua, simu ikiwaka inaweza kuidai na kukufungia nje. Kila wiki napata mmoja wa namna hii, amekaa kwenye benchi ameshika simu safi isiyofunguka.

Kwa hiyo: thibitisha akaunti, hakikisha namba zimehifadhiwa, picha umezihamisha, WhatsApp imejihifadhi, kisha ndipo ufute. Ukishawasha, usirudishe programu zote 60 kwa mpigo. Weka tano za lazima, tumia siku mbili, ongeza kidogokidogo ukiishika mgongo.

Ukimfikia fundi

Mpe ile karatasi ya hatua ya 1. Mwambie ulichokwisha kujaribu, na chaja uje nayo. Akisema betri, mwombe akuonyeshe ile ya zamani ikiwa nje, na linganisha maandishi: betri mpya yenye umbo lilelile lakini imeandikwa uwezo wa karibu mara mbili ya ile ya kiwanda ni ya kukuchezea. Afungue mbele yako. Muulize kama gundi ya mgongo itarudishwa, kwani simu iliyokuwa inavumilia manyunyu ya Tukuyu haitavumilia tena baada ya kufunguliwa ovyo. Akianza kwa kukuwekea programu ya kupoza, chukua simu yako, sema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, uende meza inayofuata.